TAMKO LA WAFANYAKAZI NA WASTAAFU WA RELI WAISHIO CHAMWINO KUHUSU UPANDISHAJI VYEO

Sisi, wafanyakazi na wastaafu wa reli tunaoishi Wilaya ya Chamwino, tumekutana na kuafikiana kutoa tamko hili kwa waajiri, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wafanyakazi wenzetu na wananchi wote wanaopanda treni.

Kwa kuwa tunaishi kando ya reli mbili: Reli ya Kati iliyofika Dodoma mwaka 1910, na reli mpya ya kisasa, SGR, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024. Reli mpya imefungua nafasi nyingi za kazi, na palipo na nafasi nyingi, fitna nazo huongezeka.

Kwa kuwa enzi za ukoloni vyeo vya reli vilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, hata awe na uzoefu wa namna gani. Wazee wetu walikataa kudharauliwa. Mwaka 1960 wafanyakazi Waafrika wa reli ya Tanganyika, wakiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Tutawasaliti tukiuondoa ubaguzi wa rangi na kukalisha undugu kwenye kiti kile kile.

Na kwa kuwa hapa wilayani kwetu, Igandu, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi mlimani na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Hatuutaji msiba huo ili kumnyooshea mtu kidole. Unatukumbusha kwamba relini kila cheo kimebeba roho za watu.

Mtazameni mfanyakazi wa gengi. Alfajiri ya msimu wa mvua yuko njiani na nyundo begani, anagonga boliti moja moja, anakagua mataruma. Anaona udongo wa tuta umeanza kulika. Kama msimamizi wake alipanda kwa kubebwa, taarifa hiyo hataielewa. Kama mfanyakazi mwenyewe anahofia kuandikwa mkorofi, atanyamaza. Na treni itapita pale pale.

Hivyo basi, tunatamka:

1. Kila nafasi ya kupanda cheo itangazwe wazi, na sifa zake zijulikane kabla ya majina kutajwa.

2. Kukaimu kusiwe kifungo. Taratibu za utumishi wa umma zinataka kusizidi miezi 6. Anayefaa athibitishwe, asiyefaa aambiwe sababu.

3. Tathmini ya kazi ifanyike mbele ya mtumishi, aone alama zake na kuzijibu. Majungu yasihesabiwe kuwa ushahidi.

4. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, mahali atokapo mtu, dini na jinsia. Iheshimiwe. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai. Anayeombwa akatoe taarifa kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), nasi tutasimama naye.

5. Waliokulia kwenye reli ya zamani wapewe mafunzo ya reli mpya pamoja na vijana, ili ujuzi wao usipotee.

Kwa wafanyakazi wenzetu: tuache kupeleka maneno kwa wakubwa ili tupande juu ya mgongo wa mwenzetu. Kwa vijana wa Buigiri, Mvumi na Igandu mnaotamani kazi ya reli: someni, shikeni kazi, waulizeni waliowatangulia.

Abiria anayesinzia kwenye behewa usiku hajui jina la aliyekagua njia wala la aliyempangia zamu. Ametuamini tu. Kwa ajili yake, cheo cha reli apewe anayeijua kazi.

Imetolewa na:
Kamati ya wafanyakazi na wastaafu wa reli
Chamwino, Dodoma