Kodi ya nyumba Nyangezi: mpangaji analipa, kiwanja kitupu kinangoja bei

NYANGEZI, Kivu Kusini – Kwenye karatasi, kodi ya nyumba inamhusu mwenye nyumba. Lakini huku Nyangezi, sawa na kule Panzi na Kadutu, fedha hizo zinatoka mfukoni mwa mpangaji, na siku hizi mpangaji huyo mara nyingi ni familia iliyokimbia vita. Si bahati mbaya. Kodi yenyewe ndivyo ilivyopangwa, na kilichopangwa na watu kinaweza kupangwa upya.

Kila msikilizaji wa hapa anajua kilichotokea. Nyangezi iko kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Bukavu na mteremko wa Ngomo unaoshuka Kamanyola. Ni sehemu ya Karhongo, usultani wa Ngweshe, wilaya ya Walungu. Zamani mtu wa mjini alipita hapa akienda Uvira, au alileta mtoto kusoma Institut Weza. Baadaye Bukavu ikajaa. Milima yake inaporomoka kwa mmomonyoko, nyumba zimebanana hadi moto ukishika moja unakula mtaa. Watu wenye fedha wakaanza kutafuta parseli nje ya mji, na makomisioneri wakafuata barabara hadi huku.

Kisha vita. Katikati ya Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23, wiki chache baada ya Goma. Familia zilikimbia huku na huku: wengine walitoka mjini kuja vijijini, wengine walitoka vijijini kwenda mjini, wengine walivuka mpaka. Benki zilifunga milango na fedha ikawa adimu. Walioko ofisini walibadilika. Mpangaji hakubadilika, na bei ya chumba haikumhurumia.

Sasa tuangalie sheria inasema nini, maana wengi wanalipa bila kuijua. Kodi za mali isiyohamishika nchini Kongo bado zinasimama juu ya sheria za tarehe 10 Februari 1969. Ya kwanza ni kodi ya majengo na viwanja. Ya pili ni kodi ya mapato ya kupangisha nyumba, ambayo kiwango chake cha kawaida ni 22 kwa mia. Tangu Katiba ya 2006, zote mbili ni kodi za jimbo.

Hiyo kodi ya kupangisha ina jambo ambalo kila mpangaji angepaswa kulijua. Sheria inamtaka mpangaji akate 20 kwa mia ya kodi ya pango kabla ya kumpa mwenye nyumba, na sehemu hiyo aipeleke serikalini. Mwenye nyumba humalizia 2 kwa mia anapotangaza mapato yake ya mwaka. Yaani mpangaji amefanywa karani wa kukusanya kodi, bila mshahara.

Tupige hesabu kwa mfano. Nyumba inapangishwa dola 50 kwa mwezi. Mpangaji akifuata sheria, anakata dola 10 na kumpa mwenye nyumba 40. Mwenye nyumba atakubali? Atasema: "Mama, mimi nataka dola zangu 50 mkononi. Ya serikali ni shauri lako." Ili abaki na 50 kamili baada ya kukatwa 20 kwa mia, pango linapanda hadi dola 62 na senti 50. Mpangaji ameongezewa dola 12 na nusu kila mwezi, na kwenye kitabu cha serikali inaonekana kwamba aliyelipa ni mwenye nyumba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee.

Kama vyumba vingekuwa vingi, mpangaji angesema "hapana" na kwenda nyumba ya jirani. Lakini familia yenye watoto watano, iliyofika na godoro na sufuria mbili, itaenda wapi? Pale ambapo wanaotafuta nyumba ni wengi kuliko nyumba, kodi iliyowekwa juu ya pango huishia kwa mpangaji.

Wakati huohuo, tembea kandokando ya barabara. Utaona parseli zilizozungushiwa ua, zimeota majani, hazilimwi wala hazijengwi. Mwenyewe yuko mjini, au Kinshasa, au ng'ambo. Anangoja bei ipande. Naye analipa nini? Sheria ya 1969 inataja viwanja visivyojengwa pia, lakini kipimo chake ni ukubwa na daraja la mahali, si bei ya sokoni. Barabara ikitengenezwa na maji yakifika, thamani ya parseli inaweza kuongezeka mara tano na kodi yake ikabaki palepale. Mwenye kujenga vyumba vinne anaonekana na kutozwa. Mwenye kuacha majani anasahauliwa.

Hapo ndipo bei ya parseli inapopata kiburi. Anayenunua ardhi ili aiuze kesho hujiuliza jambo moja: kuishikilia kutanigharimu kiasi gani kwa mwaka? Ikiwa ni karibu na bure, atangoja hata miaka kumi. Wakifanya hivyo wengi, parseli za kuuzwa zinapungua, bei inapanda, na mwalimu au muuguzi anayetaka kujijengea anabaki mpangaji maisha yake yote. Lakini kushikilia kukigharimu, atauza au atajenga. Ardhi haikimbii kodi wala haipungui kwa kutozwa. Chumba ndicho kinachopungua, kwa sababu mtu huacha kukijenga.

Wengine wamekwisha kuonja haya. Tanzania mwaka 2021 iliamua kukusanya kodi ya majengo kupitia umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Malalamiko yakawa yaleyale: anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo mpangaji ndiye aliyekatwa kodi ya nyumba isiyo yake. Nairobi ilifuata njia nyingine: kwa miaka mingi kodi ya jiji ilipimwa kwa thamani ya kiwanja, si ya jengo lililo juu yake. Kosa lao lilikuwa kukaa na orodha ya thamani ya miaka ya 1980 wakati bei zimekwisha kuruka. Basi kuna jambo la kujifunza kila upande: usikusanye kupitia mpangaji, toza ardhi, na orodha ya bei isizeeke.

Wala hakuna haja ya kwenda mbali. Wazee wa Bushi walikuwa na kalinzi na bwasa. Aliyetaka ardhi ya kudumu, ya kurithisha watoto, alitoa kalinzi kwa mwami au kwa mkubwa wa mahali, mara nyingi ng'ombe. Aliyetaka kulima kwa muda tu alichukua bwasa, akatoa kidogo, msimu ukaisha. Desturi ile ilikuwa na dhuluma zake, lakini ilijua kutofautisha: wa kudumu alilipia ya kudumu, wa kupita alilipia ya kupita. Leo mkimbizi anayepanga chumba analipa bwasa yake, kisha anabebeshwa kalinzi ya mtu mwingine.

Wapo watakaosema: "Mnataka kumtoza mkulima shamba lake la ndizi?" Hapana. Shamba linalolimwa na nyumba anayokaa mwenyewe na watoto wake visiguswe. Wengine watauliza kuhusu mama mjane anayepangisha vyumba viwili ili ale. Huyo naye asifanywe adui. Mzigo ukiondolewa kwenye pango, yeye na mpangaji wake wote watapumua.

Kuna swali zito zaidi. Parseli nyingine ni tupu kwa sababu mwenyewe alikimbia risasi. Kuitoza hiyo ni kumwibia mtu mara mbili. Kiwanja kilichoachwa kwa vita si kiwanja cha uchuuzi, na majirani wanaijua tofauti. Tayari baadhi ya wanaotaka ardhi rahisi wanawafuata wahami walikokimbilia na kuwashawishi wauze kwa bei ya kutupa. Kodi ya viwanja ikiwekwa bila kuwalinda, itakuwa fimbo nyingine ya kuwafukuza. Hatari ni kubwa zaidi kwa ardhi ya desturi isiyo na hati. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliahidi kwamba agizo la rais lingepanga haki za ardhi hiyo, na zaidi ya miaka 40 ilipita bila agizo hilo kutoka.

Kwa hiyo madai ni manne, na yanamhusu yeyote anayekusanya kodi, ana bendera gani. Kwanza, mpangaji wa nyumba ya kukaa aondolewe kazi ya kukata na kupeleka ile 20 kwa mia. Mwenye nyumba atafutwe mwenyewe. Pili, parseli zinazoshikiliwa bila kujengwa wala kulimwa kandokando ya barabara na katikati ya Nyangezi zitozwe kwa thamani yake, hasa kwa mwenye parseli nyingi. Tatu, parseli ya aliyekimbia vita iandikwe mbele ya wazee na viongozi wa kijiji, isitozwe na isiuzwe hadi mwenyewe arudi au aseme kwa hiari yake. Nne, kinachokusanywa kitangazwe hadharani, kijiji kwa kijiji, pamoja na kilichofanywa nacho.

Kabla hayo hayajatimia, mpangaji naye ajilinde. Mkataba uandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, na useme wazi kama kodi ya serikali imo ndani ya pango au la. Garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3. Hivyo ndivyo sheria ya Desemba 2015 inavyosema, na wengi wanadaiwa miezi 6 bila kujua. Asitoe hata faranga moja kwa mkusanyaji asiyetoa risiti. Na aliyeacha parseli yake nyuma aitunze karatasi aliyo nayo, hata ikiwa imechanika, na asiwaachie makomisioneri wamharakishe kutia sahihi. Siku ya kurudi, karatasi hiyo na majirani wanaomjua ndio watakaosema hapo ni pake.