Tiketi ya Dola 300 Iliyowekwa Ili Iogopwe

Anayefika dirishani kukata tiketi katika kituo cha kuteleza thelujini cha Vail, jimboni Colorado, siku za sikukuu za Desemba, huambiwa alipe zaidi ya dola 300 za Marekani kwa siku moja. Hizo ni karibu shilingi 39,000 za Kenya, na bado hajakodi skii, viatu wala helmeti, hajala, hajatafuta pa kulala. Kituo hicho kilipofunguliwa mwaka 1962 tiketi ilikuwa dola 5, ambazo kwa thamani ya leo ni kama dola 53. Wengi wakiona tarakimu hizo hukata shauri haraka: mchezo wa matajiri umezidi kuwa wa matajiri, basi sisi wa huku kwenye jua yatuhusu nini? Shauri hilo lina ukweli nusu. Hiyo tiketi ya dola 300 imewekwa ili iogopwe, na anayeiogopa akimbilie bidhaa nyingine ambayo kampuni inataka kumuuzia miezi mingi kabla theluji haijaanguka. Tukiitazama bei kama ughali wa kawaida tutakosa kuona kilichotokea: kampuni zimeutua mzigo wa hali ya hewa kutoka mabegani mwao na kumtwisha mteja, na anayeumia zaidi katika mpango huo ni mtu anayetaka kujaribu mchezo kwa mara ya kwanza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka 2008, Rob Katz akiwa mkurugenzi mkuu, kampuni ya Vail Resorts ilianza kuuza pasi ya msimu mzima iitwayo Epic Pass kwa dola 579, ambayo ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya pasi ya msimu iliyokuwa ikiuzwa Vail hapo awali. Tiketi ya siku wakati huo ilikuwa bado chini ya dola 100. Pasi ya msimu wa 2025/26 ilianza kuuzwa kwa dola 1,051. Ukizingatia mfumuko wa bei, dola 579 za mwaka 2008 ni kama dola 865 za sasa, kwa hiyo pasi imepanda, lakini si kwa kishindo. Tiketi ya siku ndiyo iliyopaa, zaidi ya mara tatu bila kuhesabu mfumuko huo. Kwa bei hizi, anayekusudia kuteleza siku nne amekwisha kufaidi kwa kununua msimu wote, na wa siku mbili anaonekana kama hajui hesabu. Pasi hizo huanza kuuzwa mwezi Machi na dirisha lake hufungwa mapema Desemba, wakati ambao milima mingi bado haijavaa theluji ya kutosha. Wakulima wetu wanaijua biashara ya aina hii: mlanguzi anayenunua mahindi yakiwa bado shambani hudai bei ya chini kwa sababu mvua ikikatika hasara ni yake. Mwenye pasi naye amepunguziwa bei kwa sababu hiyo hiyo. Punguzo lake ni ujira wa kubeba hatari ya ukame wa theluji, na mpaka hapo sioni dhuluma.

Dhuluma inaanzia kwa asiyenunua mapema. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga skii hawezi kujua mwezi wa Aprili kama ataupenda mchezo, kama magoti yatamruhusu, kama watoto watalia kwa baridi baada ya saa moja. Kampuni itajibu kwamba zipo pia pasi za siku moja au mbili zinazolipiwa mapema kwa bei ya chini sana kuliko ya dirishani, na ni kweli, zipo. Lakini nazo zina ukomo ule ule wa Desemba, na anayezijua ni yule ambaye tayari yumo ndani ya mchezo, anayefuatilia matangazo, anayepanga likizo mwaka mmoja kabla. Mgeni aliyealikwa na rafiki mwezi wa Januari hukutana na bei ya kutishia. Adhabu iliyokusudiwa kumsukuma mzoefu anunue mapema inampiga mgeni, ambaye hakuwa na nafasi ya kununua mapema hata kidogo.

Ndiyo maana ununuzi wa vilima vidogo vilivyo karibu na miji unasema mengi kuliko ununuzi wa milima yenye majina. Mwaka 2012 Vail Resorts ilinunua Afton Alps, kilima kilicho jirani na Minneapolis na St. Paul, jimboni Minnesota, na Mount Brighton iliyo karibu na Detroit. Ilifuata Wilmot, kwa ajili ya watu wa Chicago, na mwaka 2019 ikainunua kampuni ya Peak Resorts yenye vituo 17 kwa mpigo. Leo inamiliki vituo zaidi ya 40 katika nchi nne. Afton Alps haina mlima wa kujivunia. Thamani yake ni kwamba watu wa mjini hujifunzia hapo jioni baada ya kazi, na akishanunua pasi ya kutelezea nyumbani, mtu huyo huyo anajikuta ana tiketi ya Colorado mfukoni, amebakiza nauli ya ndege na chumba cha hoteli. Kilima cha mtaani kimekuwa mlango wa duka. Waswahili wanaoishi Minnesota, na si wachache, hawako mbali na hicho kilima. Wakitaka kuwapeleka watoto wakakijaribu siku moja, wanakutana na mfumo wa bei uliobuniwa kwa ajili ya soko la hisa.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni la gharama. Kuendesha mlima si jambo la bei rahisi na halijawahi kuwa. Kamba ya kwanza ya kuwavuta watelezaji huko Marekani ilifungwa mwaka 1934 kwenye malisho ya mkulima mmoja Woodstock, Vermont, ikizungushwa na injini ya gari kuukuu la Ford. Miaka miwili baadaye, kampuni ya reli ya Union Pacific ikaweka viti vya kwanza vinavyoning'inia kwenye waya huko Sun Valley, Idaho. Fundi wake, James Curran, alichukua wazo kutoka kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini, akaondoa ndoano ya mkungu akaweka kiti cha mtu. (Ndizi, basi, zina mchango wao katika mchezo huu wa baridi.) Tangu hapo kila kitu kimekuwa kizito zaidi: mwaka 1981 kituo cha Breckenridge, Colorado, kikaleta viti vya watu wanne vinavyokwenda kasi, pamoja na mizinga inayorusha theluji ya kutengenezwa usiku kucha, maji yake, umeme wake, mabomba yake yaliyozikwa kando ya kila mteremko. Bima nayo haipungui, na jinsi majira ya baridi yanavyozidi kuwa ya vuguvugu ndivyo mizinga inavyozidi kuhitajika. Yote haya ni kweli. Hayaelezi, hata hivyo, jinsi watu wawili wanavyokaa kwenye kiti kimoja, saa ile ile, mmoja amelipa dola 30 kwa siku hiyo kwa hesabu ya pasi yake na mwenzake amelipa mara kumi. Kiti ni kile kile, umeme ni ule ule. Gharama inaweza kupandisha bei zote mbili. Haiwezi kuzitenganisha kiasi hicho. Kinachozitenganisha ni uamuzi.

Pingamizi la pili linanipa taabu zaidi. Inasemwa kwamba pasi nafuu ndizo zilizoiokoa milima, kwa kuwa mlima uliokwisha kulipwa hauanguki kwa msimu mmoja mbaya. Kuna mfano mzuri, na haukutoka kwa kampuni kubwa. Bogus Basin, karibu na Boise, Idaho, ni mlima unaoendeshwa na shirika lisilogawa faida. Mwaka 1998, ukiwa hoi kifedha, ulishusha bei ya pasi ya msimu hadi dola 199, watu wakajitokeza kwa maelfu, na mlima ukasimama tena. Sina hoja ya kuupinga uamuzi ule. Lakini tazama tofauti. Fedha za Bogus Basin zilibaki Bogus Basin, na aliyenunua pasi alikuwa jirani anayeutunza mlima wake mwenyewe. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa ikizikusanya fedha za milima 40, ina deni la kwanza kwa mwenye hisa, na mlima mmoja mmoja unaweza kusahaulika. Mwaka 2021 Vail Resorts ilipunguza bei ya pasi kwa asilimia 20 na kuuza zaidi ya milioni 2. Majira ya baridi yalipofika, kituo cha Stevens Pass, jimboni Washington, kilikosa wafanyakazi wa kutosha, sehemu kubwa ya mlima ikabaki imefungwa, na wateja zaidi ya 40,000 wakatia saini malalamiko. Walikuwa wamelipa miezi kadhaa nyuma. Mteja wa siku akiona foleni ndefu hugeuza gari; mwenye pasi silaha hiyo ameikabidhi tangu Aprili.

Kilichotokea Park City, Utah, kinaonyesha jambo hilo kwa karibu. Tarehe 27 Desemba 2024, katikati ya wiki yenye wageni wengi kuliko zote, waokoaji wa mlimani waligoma. Hawa ndio wanaopanda alfajiri na baruti kuangusha theluji iliyolegea kabla haijamfunika mtu, na ndio wanaomshusha aliyevunjika mguu. Walitaka mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 kwa saa hadi 23. Mgomo ulidumu siku 13, miteremko mingi haikufunguliwa, familia zilizotumia maelfu ya dola zikasimama kwenye foleni, na mwishowe kampuni ikakubali nyongeza. Tiketi moja ya dirishani katika wiki ile ilizidi ujira wa siku nzima wa mtu anayeufanya mlima uwe salama. Anayesema bei imepanda kwa sababu ya gharama za wafanyakazi aanze na ugomvi huo wa dola 2.

Watetezi watanionyesha idadi ya wageni. Msimu wa 2022/23 vituo vya Marekani vilihesabu ziara milioni 65.4, rekodi ya wakati wote. Mchezo unaokufa haujazi milima kiasi hicho. Ziara, lakini, huhesabu siku na hazihesabu vichwa. Ukimuuzia mtu msimu mzima atakuja mara kumi badala ya nne ili aione thamani ya fedha yake, na rekodi itavunjwa bila mtu mpya hata mmoja kuongezeka. Wakati huo huo, vituo vyenyewe vimepungua kutoka zaidi ya 700 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi chini ya 500. Vingi vilivyofungwa ni vile vidogo, vya mji au vya klabu, ambako mtoto wa fundi alijifunza. Si kwamba mchezo ulikuwa wa makabwela. Reli ya Union Pacific haikujenga Sun Valley kwa ajili ya maskini. Lakini palikuwa na ngazi ya kupandia kutoka kwenye kamba ya malisho, na ngazi hiyo imekatwa vidato vya chini. Kampuni yenyewe inaonekana kuliona hilo: mwaka 2025 ilianza kuwapa wenye pasi tiketi za nusu bei za kuwagawia marafiki. Kama bei ya dirishani haikuwa imewafukuza wageni, tiketi hizo zingekuwa za nini?

Ulaya huletwa kama ushahidi kwamba njia nyingine ipo, na kwa kiasi fulani ni sawa. Nchini Ufaransa, sheria ya milima ya mwaka 1985 inazihesabu lifti za mlimani kuwa huduma ya umma chini ya mamlaka ya serikali za mitaa, hata pale zinapoendeshwa na kampuni. Austria tiketi ya siku kwenye vituo vikubwa bado haijafika euro 100. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kuiwakilisha kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alijifunza mchezo huu akiwa mtoto katika nchi hiyo. Nisiipambe Ulaya kupita kiasi: Vail Resorts imekwisha kuingia Uswisi, Andermatt mwaka 2022 na Crans-Montana mwaka 2024.

Marekani haina haja ya kuiga Ufaransa ili kurekebisha mambo, kwa sababu ina nyenzo kubwa zaidi ambayo haiitumii. Mlima wa Vail si mali ya Vail Resorts. Uko ndani ya msitu wa taifa wa White River, kama zilivyo Breckenridge na Keystone, na zaidi ya vituo 100 nchini humo viko kwenye ardhi ya misitu ya taifa kwa kibali. Kwa sheria ya mwaka 1996, vituo hivyo hulipa serikali kati ya asilimia 1.5 na 4 ya mapato, kwa ngazi inayopanda kadiri mapato yanavyopanda. Bunge lililoiweka ngazi hiyo linaweza kuifunga pia kwenye pengo la bei: kituo ambacho tiketi yake ya dirishani ni mara kumi ya siku ya mwenye pasi kilipe ada ya juu, na kinachotenga tiketi za bei ya kawaida kwa wanaoanza kipunguziwe. Itasemwa kwamba hiyo ni kuingilia soko. Lakini kampuni ya kwanza kuulizwa suala la soko iwe ile inayouza kiti kilichofungwa kwenye mlima wa umma, kwa kibali cha umma, huku mwenye mlima akiombwa dola 300 ili aupande.