Urafiki Utangulie: Riwaya Ambayo Vijana wa Karagwe na Kyerwa Hawajaandikiwa

Huko Marekani na Kanada zimeenea riwaya za mapenzi kuhusu wachezaji wa hoki ya barafuni. Kisa kimoja kinachopendwa humo ni cha wachezaji wawili wa timu moja. Wanaanza kama marafiki, wanapeana pasi, wanafungwa na kulaumiwa pamoja, na taratibu urafiki wao unageuka kuwa mapenzi.

Wapo watakaosema kwamba hadithi hizo hazituhusu sisi wa Kayanga na Nkwenda. Hata mpira wa magongo unaochezwa kwenye nyasi tunaukumbuka kwa shida: Tanzania iliucheza katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikafungwa na India mabao 18 kwa bila. Lakini kinachonivutia katika riwaya hizo ni mpangilio wa kisa kuliko mchezo wenyewe: urafiki unatangulia, mapenzi yanafuata.

Katika jamii yetu mpangilio huo ni nadra kuruhusiwa. Mvulana na msichana wakionekana wakizungumza njiani kutoka shuleni, tayari ni kesi. Euphrase Kezilahabi aliliona jambo hili katika Rosa Mistika, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku shuleni. Rosa anapigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakua akiwaogopa wanaume. Hofu hiyo inapomtoka, hana kipimo cha kumtofautisha mwema na mlaghai, kwa kuwa hakuwahi kuwa na rafiki wa kiume. Tunajua alivyoishia.

Mwaka huohuo wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Kwetu sisi wakulima wa kahawa, jambo hili lina mfano wake. Tunalaani butura, yaani kumuuzia mlanguzi kahawa ingali mtini, kwa sababu mkulima huuza asichokijua kwa bei asiyoipanga. Je, kumwoza binti ambaye hajakomaa si butura ya binadamu?

Mzazi atanijibu kwamba urafiki ndio mlango wa mimba. Naiheshimu hofu yake, lakini naona ameuelekeza ulinzi pasipostahili. Anayemrubuni binti kwa lifti ya bodaboda na sahani ya chipsi hamtafuti kwa urafiki. Anatafuta asiyejua thamani yake. Binti aliyezoea kucheza, kujadili na kushindana na wavulana wanaomheshimu atakitambua kiburi na hila mapema kuliko aliyefungiwa.

Wala wazo hili si la kigeni. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha kwa Kikerewe, mwaka 1945, kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wanandoa hao hawajapata mtoto, na maneno ya ndugu wa mume yanawatenganisha. Myombekere anawafuata wakwe, anakubali kutoa pombe ya ndizi wanayoidai, na anamrejesha mkewe. Anayemrejesha ni mwenzake wa shamba, wa mazungumzo na wa shida. Bila usuhuba, angeoa mwingine tu.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wetu, hasa walimu wa fasihi, watuandikie riwaya ya aina hii. Magongo si lazima. Mpira wa wavu unatosha, na uwanja wenye vumbi kando ya migomba unatosha pia. Leo tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayopokea riwaya. Vijana wetu tayari wanasoma habari za mapenzi katika simu zao. Tusipowaandikia mapenzi yenye heshima, watajifunza kwa wengine, na baadhi ya walimu hao watakuwa walaghai.