Pesa imeshatumwa, mbona kimya?

Kutuma mchango wa klabu kutoka Karatu hakuchukui hata dakika moja. Unaingiza namba, kiasi, namba ya siri, meseji ya uthibitisho inaingia, umemaliza. Kazi inaanza baada ya hapo, nayo ni kusubiri. Huko kwenye kusubiri ndiko klabu zetu kubwa zinakopoteza watu wao bila kujua.

Karatu inafaa kutazamwa kwa sababu iko mbali. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700, na ukipita geti la Lodoare kuingia Ngorongoro, hadi Endulen huko, ndiyo unazidi kwenda mbali. Shabiki wa upande huo, awe dereva wa watalii, mhudumu wa lodge au mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, Simba na Yanga anaziona kibanda umiza. Fountain Gate walipoanza kuutumia Tanzanite Kwaraa pale Babati ndipo vigogo hao waliposogea karibu kidogo. Mtu wa namna hii hawezi kukatiza Msimbazi au Jangwani akauliza, wala kupita Bunju akachungulia. Akishatuma pesa yake, kitu pekee anachoweza kupata ni taarifa. Taarifa isipokuja, amebaki na meseji ya muamala.

Chukua suala la uwanja wa Simba. Mwishoni mwa 2021 wazo la mashabiki kuchangia ujenzi lilipamba moto, na Mohammed Dewji 'Mo' akasema yeye ataanza na Sh2 bilioni. Matawi yakachangamka, hesabu zikapigwa vijiweni: watu milioni kadhaa, kila mmoja buku tano tu, uwanja huo hapo! Msimu wa 2024/25 Mnyama alikuwa bado anacheza mechi zake za ligi KMC Complex, Mwenge, na zile kubwa za CAF kwa Mkapa.

Kuchelewa kwenyewe si dhambi. Uwanja mpya wa Arusha unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027, wa watu 30,000, mkataba wake ni zaidi ya Sh280 bilioni, na hiyo ni pesa ya Serikali. Buku tano tano haziwezi kufika huko kwa mwaka mmoja, na shabiki yeyote anayejua bei ya mfuko wa saruji anaelewa. Tofauti ni kwamba wa Arusha mtu wa Karatu anaweza kushuka mjini akaona nguzo zimepanda kiasi gani. Wa klabu hauoni kwa macho, kwa hiyo lazima aambiwe.

Wakongwe wa Msimbazi watakumbuka sakata la nyasi bandia. Klabu iliagiza nyasi hizo China kwa ajili ya Bunju, mzigo ukafika bandari ya Dar es Salaam, ukakaa. Kodi. Miezi ikapita, uongozi ukabadilika, mambo yakafika hadi mahakamani, na viwanja vya mazoezi vya Bunju vikaja kuzinduliwa mwishoni mwa 2019. Katika muda wote huo mashabiki waliokota habari kwenye vichwa vya magazeti na kwa majirani zao wa Yanga, ambao walizisimulia kwa furaha.

Kisha ikaja ile maarufu zaidi, 'B20'. Desemba 3, 2017 wanachama wa Simba walitangaziwa kwamba Mo ameshinda zabuni ya kuwekeza Sh20 bilioni. Serikali ikaweka sharti kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49, wanachama wabaki na 51. Tume ya Ushindani nayo ina taratibu zake. Hizo ni sababu za kweli na zinaelezeka kwa ukurasa mmoja. Lakini hundi ilikuja kuonyeshwa hadharani Julai 2021, zaidi ya miaka mitatu na nusu baadaye. Katikati hapo Simba ilibeba ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, na bado swali la "B20 ziko wapi?" halikulala hata siku moja. Kama timu inayobeba makombe haikuweza kulizima swali hilo, timu inayofungwa italizima kwa kipi?

Upande wa pili wa Kariakoo kuna somo ambalo watu hulicheka badala ya kulisoma. Yusuf Manji alipojiuzulu Mei 2017, Yanga iliyumba kifedha. Msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera alikuwa anasema wazi mbele ya waandishi kwamba wachezaji wanadai mishahara. Ndiyo, likaja 'bakuli', na utani wake haujaisha mpaka leo. Lakini watu walitoa. Walitoa kwa sababu walijua shida ni nini, ni ya nani na ni ya wiki hii. Timu iliyolipwa kwa bakuli ikamaliza ligi nafasi ya pili, na Juni 2019 klabu ikajaza ukumbi wa Diamond Jubilee kwa harambee ya Kubwa Kuliko. Habari mbaya iliyosemwa mapema ilivuna zaidi ya habari nzuri iliyochelewa.

Wala Kariakoo haiko peke yake kwenye hili. Ulaya na Marekani kuna biashara nzima inayoishi kwa kuchangishana: michezo ya mezani yenye vijisanamu. Aliyewahi kuona Subbuteo, ule mpira wa mezani wa Kiingereza wenye wachezaji wadogo wa kusukumwa kwa kidole, atapata picha. Kampuni inaonyesha michoro mtandaoni, watu wanalipa mapema kupitia jukwaa kama Kickstarter, ndipo vijisanamu vinachongwa, kalibu za kumimina plastiki zinatengenezwa, mara nyingi China, na mzigo unapanda meli. Upo hata mchezo wa mpira wa kufikirika, Guild Ball, uliozaliwa hivyo mwaka 2014.

Waliotengeneza Guild Ball ni Steamforged Games wa Uingereza. Mwaka 2016 walichangisha mchezo mwingine, Dark Souls, wakapata zaidi ya pauni milioni 3.7 kutoka kwa watu 31,178. Boksi la kwanza lilifika 2017. Nyongeza zilizolipiwa siku ileile zikasubiriwa miaka, na wachangiaji wakageuka wapelelezi: nani kaona kontena, nani kapata, nani hajapata. Hiyo ni afadhali. Palladium Books wa Marekani mwaka 2013 walikusanya zaidi ya dola milioni 1.4 kwa mchezo wa Robotech kutoka kwa watu zaidi ya 5,000. Nusu ya kwanza ya mzigo ilitoka. Nusu ya pili ilisubiriwa hadi Februari 2018, wakaambiwa haiji tena. Ofa waliyopewa ilikuwa kubadilishiwa kwa bidhaa za nusu ya kwanza zilizobaki, na usafirishaji walipie wenyewe.

Kinachofanana na kwetu ni hadhi ya mtoa pesa. Kule jukwaa lenyewe linasema wazi kwamba si duka: ukichangia hujanunua. Huku shabiki anayetuma buku tano hapati hisa wala risiti yenye tarehe ya kukabidhiwa kitu. Mwenye duka unaweza kumshtaki, kampuni ya hisa unaweza kuidai gawio. Uliyemchangia unamdai neno tu.

Kuna sehemu moja ambapo tunatofautiana, na ndiyo inayowalewesha viongozi wetu. Mtu wa vijisanamu akichoka anahamia kampuni nyingine. Shabiki wa Simba hahamii Yanga, wa Yanga hahamii Simba, hata mmchome moto. Viongozi wanajua hilo, wanalala usingizi. Wanachosahau ni kwamba shabiki anaweza kubaki na timu moyoni akaiondoa mfukoni. Ataendelea kulia ikifungwa, ataendelea kubishana kijiweni, ila kadi ya uanachama haihuishi tena, na jezi ananunua feki pale sokoni kwa sababu haoni tofauti ya pesa iliyokwenda klabuni na iliyokwenda kwa machinga. England waliliona hili kwa Ebbsfleet United. Mwaka 2008 maelfu ya watu wa mtandaoni walitoa pauni 35 kila mmoja wakainunua klabu, na Mei mwaka huohuo wakabeba FA Trophy pale Wembley. Muda wa kulipa tena ulipofika wengi hawakulipa, na mwaka 2013 mradi ule ukaiachia klabu.

Kwa nini klabu zinanyamaza? Si kwa kukosa midomo. Tangu enzi za Haji Manara, aliyeisemea Simba kisha Yanga, ofisa habari wa klabu hizi ni staa kama straika. Maneno yapo, tena mengi. Lakini ni maneno ya hamasa: njooni uwanjani, tunawapiga, nunueni jezi. Simba walipotaka kuzindua jezi Julai 2023 walipanda nazo hadi kileleni Kilimanjaro, kwa hiyo njia ya kaskazini wanaijua vizuri tu. Taarifa ni kitu kingine. Taarifa ina tarakimu, na tarakimu zinampa mtani silaha. Ukikiri leo kwamba mzigo umekwama bandarini, kesho upande wa pili umeshatunga wimbo. Kiongozi anaona bora anyamaze mpaka kiwe na sura nzuri. Uchaguzi unafika kabla sura nzuri haijafika, anayeingia anasema hilo lilikuwa la wale wa zamani, na mchango unabaki bila mwenyewe.

Hapa ndipo watu wa Karatu wanapoonekana wako mbele ya Kariakoo. Kwenye vikoba pesa inahesabiwa mbele ya wanachama, inaandikwa kitabuni, inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake wanashika watu watatu tofauti. Kwenye kamati ya harusi mweka hazina anasimama kila kikao: ahadi kiasi hiki, zilizoingia kiasi hiki, ukumbi tumelipa nusu, ng'ombe bado. Hakuna anayemzomea kwa kusema ng'ombe bado. Wangemzomea asipotokea kikaoni. Na dereva wa watalii anayajua haya kwa njia ya kazi yake: mgeni aliyeambiwa kwamba gari imepata pancha na watachelewa dakika 40 anaagiza chai, asiyeambiwa kitu anaandika malalamiko mtandaoni kabla hajafika kreta.

Klabu ikitaka kuiga haihitaji mtaalamu kutoka nje. Ingetangaza tarehe moja kila mwezi, irukwe na mechi lakini isirukwe yenyewe. Siku hiyo iseme zilizoingia ni ngapi, ziko akaunti gani, zimetumika kwa nini, kilichokwama kimekwamia wapi na nani anakifuatilia. Mwezi ambao hakuna jipya, iseme hakuna jipya. Ipelekwe hadi kwenye matawi ya wilayani kwa maandishi, ibandikwe ukutani kibanda umiza pembeni ya ratiba ya mechi. Utani utakuwepo, kama ulivyokuwepo kwenye bakuli, na Yanga haikufa kwa utani wa bakuli.

Juni msimu wa watalii unafunguka Karatu, pesa inaanza kuzunguka hadi Oktoba. Ni muda huohuo dirisha la usajili linapofunguka Kariakoo na namba za kuchangia zinapoanza kusambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Meseji ya muamala wa mara ya mwisho bado iko kwenye simu za watu, na chini yake hakuna nyingine kutoka klabuni.