Vijana Wetu Tusiwangoje Mpaka Msimu wa Kura

Ndugu zangu wa Mji Mkongwe, wa Ng'ambo na wa shamba,

Mlio wa bunduki si jambo la kila siku Unguja, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ukisikika, mara nyingi husikika kwa msimu, na msimu wenyewe tunaujua. Januari 2001, katika mzozo wa uchaguzi wa mwaka uliotangulia, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Unguja na Pemba. Watu zaidi ya 30 walikufa, msiba mkubwa ukawa wa Pemba, na wengine zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Kwenye maandamano kama yale mbele hawatangulii wazee wenye bakora. Hutangulia watoto wetu.

Dawa tuliwahi kuipata, tena hapa hapa. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu. Kamati ya Maridhiano ikaongozwa na Mzee Hassan Nassor Moyo, mwanamapinduzi wa 1964 ambaye hakuna aliyeweza kumwambia haijui nchi hii. Julai 31, 2010, katika kura ya maoni, karibu thuluthi mbili ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa Oktoba ukapita kwa amani.

Halafu tukajisahau. Krismasi ya 2012 Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi, akanusurika. Jumapili ya Februari 17, 2013, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Mtoni, akienda kuongoza misa. Karatasi za viongozi hazitoshi kama mtaani hakuna anayezifanyia kazi.

Basi tuanzie mtaani. Nenda baraza la Jaws Corner, Mji Mkongwe, jioni: birika la kahawa, vikombe vidogo vikigongana, kashata, dhumna, na siasa hadi koo zikauke. Pembeni kijana ameegemea ukuta. Amewaamkia wote, "Shikamooni", wameitika "Marhaba", basi. Hakuna aliyemuuliza anashinda wapi, kazi imepatikana au la. Anachookota pale ni chuki ya chama tu. Siku gari la kampeni likija kumbeba, na fulana na pesa ya chakula, atapanda, kwa sababu mwenye gari ndiye pekee aliyemwita. Mimi siwalaumu sana wanasiasa hapo. Nawalaumu wenye baraza.

Wazee wangu, msogezeeni nafasi akae, na mbele yake chungeni ndimi. Mama zetu, nyinyi hujua kabla ya sheha nani kaanza kurudi usiku wa manane na pesa isiyojulikana itokako. Msinyamaze kwa kuona haya. Masheha, kijana wa chama kingine naye ni wa shehia yenu. Walimu wa madrasa na makocha wa timu za mitaani, mnasikilizwa kuliko polisi, zungumzeni na vijana hawa. Na mwenye silaha asiyoimiliki kihalali, serikali imewahi kutangaza msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari zaidi ya mara moja; nafasi hiyo ikija tena, aitumie, wala asingoje mtoto aifukue chini ya kitanda.

Haya yote hayahitaji mfadhili wala semina hotelini. Yanahitaji kuanza sasa, kampeni zikiwa hazijaanza na watu bado wanasikilizana. Mwenye baraza aanze Ijumaa hii, baada ya sala, na kijana mmoja.