Uvimbe juu ya figo: Mashine bila maelezo humwongezea maskini hofu

MKAZI wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo, mjini Kitale, anayepigwa picha ya CT-scan kwa sababu ya maumivu ya tumbo huenda akarudi nyumbani na habari ambayo hakuitafuta: ana uvimbe kwenye tezi ya adrenali, iliyo juu ya figo.

Kwa wengi, uvimbe ni kansa. Hapo ndipo mbuzi huuzwa, mikopo huchukuliwa na safari ya Eldoret kuanza.

Ilhali uvimbe mwingi unaogunduliwa kwa sadfa namna hii si kansa, wala hautoi homoni kupita kiasi.

Isitoshe, mara nyingi jibu limo katika picha ile ile. Uvimbe usio na madhara kwa kawaida huwa na mafuta mengi, ambayo hushusha uzito wake kwenye picha. Iwapo una sura moja kote na kipimo chake, bila mgonjwa kudungwa dawa ya kung'arisha picha, hakizidi 10 kwa vizio vya Hounsfield, mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2023 unasema hapahitajiki picha nyingine.

Ripoti isiyotaja tarakimu hiyo huenda ikamlazimu mgonjwa kulipia picha ya pili.

Hata hivyo, picha haiwezi kusema kama tezi inatoa homoni za ziada. Hilo ni jukumu la maabara. Mwenye shinikizo la damu apimwe aldosteroni, na kila mgonjwa apimwe kotisoli. Kipimo cha picha kikizidi 10, sharti ithibitishwe kwamba uvimbe hautoi adrenalini, kwani kuudunga sindano au kuupasua bila maandalizi kunaweza kuua.

Mwaka 2015, serikali ilizindua mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98 nchini. Seneti iliuchunguza na mwaka 2020 ikatoa ripoti iliyoukosoa vikali. Funzo lilikuwa wazi: mashine bila mtaalamu na maabara ni pambo.

Kaunti ya Trans Nzoia haihitaji mabilioni kuanza. Na iagize kila ripoti itaje ukubwa na kipimo cha uvimbe, kisha itenge fedha za vipimo vya damu.

Wasiwasi ndio akili, walisema wahenga. Lakini wasiwasi usio na maelezo ni mzigo, na maskini wa Kipsongo ana mizigo ya kutosha.