Ufunguo wa Nyumba na Dhamana ya Fundi

Hakuna mwenye nyumba mjini asiyelijua jambo hili, wala hakuna fundi ambaye halijapata kumgusa yeye au mwenzake. Fundi huitwa kupaka rangi, au kuziba bomba livujalo, au kubadili kitasa. Hushinda nyumbani humo siku mbili tatu pamoja na saidia fundi wake, watoto wakiwa shuleni na wazazi wakiwa kazini. Jioni ya siku ya tatu mama mwenye nyumba hufungua sanduku lake, na mkufu wa dhahabu haumo. Hapo majirani hukusanyika, na kabla hajaulizwa neno fundi amekwisha kuitwa mwizi. Mkoba wake wa zana hushikwa, ujira wake huzuiwa, na akiwa na bahati mbaya ngumi humshukia.

Twasema waziwazi kwamba mwenendo huu wadhuru pande zote mbili. Mwenye mali hapati mkufu wake kwa kumpiga mtu. Na fundi asiye na hatia hupoteza jina lake, nalo jina jema ndilo mtaji wa pekee wa mtu anayeishi kwa mikono yake. Chanzo cha fujo hii ni kuchanganya maswali mawili ambayo sheria huyatenga. Swali la kwanza ni hili: Nani aliiba? La pili ni hili: Nani anapaswa kulipa?

Swali la kwanza ni la polisi na mahakama. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Ikiwa aliyefikishwa mbele ya hakimu analindwa hivyo, sembuse yule ambaye kosa lake ni kuonekana nyumbani siku mali ilipopotea! Shaka si ushahidi, wala shaka si deni.

Lakini mafundi nao wasikilize vema swali la pili, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Fundi aweza kuwa mikono yake ni safi kabisa, na bado akadaiwa. Mwaka 1948 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya fundi wa kupamba nyumba aliyeachwa peke yake nyumbani kwa mteja wake. Fundi huyo alitoka kwenda kutafuta karatasi za kubandika ukutani, akaacha mlango bila kuufunga. Aliporudi, mwizi alikuwa amekwisha kuingia na kuchukua vito na nguo. Hakuna aliyesema kwamba fundi aliiba. Hata hivyo mahakama ilimtia katika deni, kwa kuwa mtu aachiwaye nyumba hukabidhiwa pia kuilinda kwa uangalifu wa kiasi. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini sheria yetu ya madai yatoka katika shina hilo, na maamuzi ya namna hii husaidia kuonyesha njia.

Je, fundi akiwa ametumwa na kampuni? Mwaka 1965 mahakama hiyo hiyo ilisikiliza shauri la vazi la manyoya lililopelekwa kusafishwa, likaibwa na mtumishi yule yule aliyepewa kazi ya kulisafisha. Wenye kazi walitaka kunawa mikono, wakisema wizi haukuwa kazi waliyomtuma. Mahakama ilikataa: aliyepokea mali ya watu ili aitunze hujibu hata kwa wizi wa mtumishi aliyemkabidhi mali hiyo. Basi kampuni isifikiri kwamba kumfukuza kibarua kwatosha kuufunga mjadala.

Na hapa twataka kusema neno na wafanyakazi. Mwajiri fulani akikwisha kumlipa mteja, hugeuka na kuukata mshahara wa fundi wake, pengine wote, kwa shaka tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu. Ili mwajiri akate mshahara kufidia hasara, hasara hiyo hapana budi iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima aandikiwe sababu, kiasi na hesabu yake, na apewe nafasi ya kupinga. Makato hayaruhusiwi kuzidi hasara halisi, wala kuzidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kila mfanyakazi aishike robo hiyo kichwani kama ashikavyo jina lake.

Wako wasemao, "Sisi hatuna wasiwasi, nyumba ina bima." Twawashauri waisome hati yao usiku huu. Hati nyingi za bima ya wizi hulipa pale tu mwizi alipoingia kwa nguvu, akavunja mlango au dirisha. Fundi aliyefunguliwa mlango na mwenyewe hakuvunja kitu. Tena kampuni ya bima ikilipa, huchukua haki ya mwenye mali na kumdai aliyesababisha hasara, hivyo bima ya mwenye nyumba haimwokoi fundi mzembe. Fundi huhitaji bima yake mwenyewe, ya dhima kwa watu wengine. Nayo kwa kawaida hutazama uzembe na ajali, si wizi wa mwenye bima. Mwenye kampuni ndiye aongeze bima ya uaminifu wa watumishi, na aulize kabla ya kutia sahihi kama yagusa mali ya wateja.

Kwa miaka mingi bima kwetu imekuwa neno la wenye magari. Ilikuwa hivyo baada ya mwaka 1967 bima ilipotaifishwa, na haikubadilika sana baada ya sheria ya mwaka 1996 kuyafungulia mlango makampuni binafsi. Fundi wa mtaani ataipata wapi ada ya bima peke yake? Jibu letu ni lile lile la siku zote: umoja. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ipo. Mafundi ishirini wa mtaa mmoja wakiungana wataweza kuwa na daftari la majina, kuwajibika kwa wenzao, na kununua bima kwa pamoja. Nayo makampuni ya bima yaandike hati kwa Kiswahili ambacho fundi aweza kukisoma, yasingoje kulazimishwa.

Hata kabla ya hayo, kuna lisilogharimu senti. Ufunguo usitoke mkononi mwa mwenye nyumba bila maandishi: nani anaushika, nani ataingia pamoja na fundi, chumba gani hakiguswi, na nani hufunga mlango fundi akienda dukani. Dhahabu na fedha zifungiwe kwanza, mbele ya mashahidi wawili. Wazee walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ikipotea, polisi na kampuni ya bima wapewe habari mara moja. Kampuni ikikataa kulipa bila haki, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mkoba wa zana usishikwe rehani, kwa maana kumnyang'anya fundi nyundo yake ni kumnyang'anya watoto wake chakula.

Mwizi apelekwe mahakamani, na mzembe alipe alichozembea. Lakini yule aliyefanya kazi yake kwa uaminifu apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka, arudi kwake akiwa na zana zake na jina lake.